HOTUBA YA KILIMO: MGENI AITWAYE PITAYA KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini wahenga hao hao walisema tena, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Maneno haya mawili hayapingani. La kwanza lamfundisha mwenyeji kufungua mlango. La pili lamfundisha kumpima yule aliyeingia. Hotuba hii yahusu mgeni ambaye siku hizi anabisha hodi katika bustani nyingi za Kenya. Jina lake ni pitaya. Watu wengine huliita tunda la joka, kwa sababu ganda lake lina magamba yaliyochomoza kama ya yule nyoka mkubwa wa hadithi.

Haifai mtu kukataa mmea kwa sababu tu umetoka mbali. Ugali wa mahindi huliwa katika nyumba nyingi kana kwamba uliumbwa pamoja na nchi hii, kumbe asili ya mahindi ni Amerika, kama ilivyo asili ya maharagwe, mihogo, viazi vitamu, mananasi, mapapai, mapera na maparachichi. Chai nayo ilipandwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1903, huko Limuru, na leo yavunwa na maelfu ya wakulima wadogo. Kila mmoja wa hao alikuwa mgeni siku moja, akapewa jembe, akafanya kazi, akawa mwenyeji.

Lakini wako pia wageni wa namna nyingine. Watu wa Laikipia waujua mpungate, mmea wa jamii moja na pitaya, ambao uliletwa kuwa ua na pambo, kisha ukatoroka na kuenea katika malisho. Vijiba vyake vidogo huwachoma ng'ombe, mbuzi na kondoo katika vinywa na matumbo, na kuung'oa ni taabu kubwa. Tena wako watu wengi wanaokumbuka habari ya kware katika miaka ya 2013 na 2014. Ilivuma kwamba mayai ya ndege yule yalikuwa dawa ya kila ugonjwa na mlango wa utajiri. Watu wakatumia akiba zao kununua ndege na vizimba. Punde si punde kila mtu akawa muuzaji, mnunuzi hakuonekana, bei ikaanguka, na wengi wakabaki na ndege ambao hakuna aliyewataka.

Basi mtu afanye nini? Neno la hotuba hii ni moja: mgeni huyu na akaribishwe, lakini akaribishwe kwa nguzo chache, karibu na nyumba, mpaka mwenyeji amjue tabia yake. Nguzo nne zatosha kuanzia.

PITAYA NI MMEA GANI?

Pitaya ni mmea wa jamii ya kakati. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Huko kwao hupanda juu ya miti na miamba kwa mizizi ya hewani. Hauna majani ya kawaida; shina lake la kijani, lenye pande tatu na vijiba vidogo, ndilo lifanyalo kazi ya majani. Katika karne ya 19 Wafaransa waliupeleka Vietnam, na nchi hiyo imekuwa mojawapo ya wakulima wakubwa kabisa wa tunda hili duniani.

Aina zake zijulikanazo sana ni tatu. Ya kwanza ina ganda jekundu na nyama nyeupe. Ya pili ina ganda jekundu na nyama nyekundu iliyoiva kama divai. Ya tatu ina ganda la manjano na nyama nyeupe, nayo ndiyo tamu kupita zote, ila hukawia sana kuiva. Katika aina zote nyama imejaa mbegu ndogo nyeusi kama ufuta, ambazo huliwa pamoja nayo.

Mmea huu wapenda joto. Kwa hiyo wafaa zaidi katika sehemu za joto kama vile Makueni, Machakos na pwani kuliko katika nyanda za juu zenye baridi. Baridi ya kugandisha huuharibu. Lakini mtu asije akadhani kwamba kwa kuwa ni kakati, basi ni mmea wa jangwani usiohitaji maji. Huo ni uwongo ambao umewagharimu watu wengi fedha. Pitaya ni mtoto wa msituni. Katika kiangazi kirefu hubaki hai, ni kweli, lakini kubaki hai si kuzaa. Tena jua kali la mchana kutwa laweza kuunguza shina lake likawa la manjano, hasa mmea ukiwa mchanga. Mahali pasipo na maji ya kumwagilia hata kidogo, hapafai.

MANENO YA MCHUUZI

Mtu anayetaka kupanda pitaya huanza kwa kununua pingili, yaani vipande vya shina. Hapa ndipo penye hatari ya kwanza. Mchuuzi huja na maneno matamu: "Baba, mmea huu hauna kazi. Panda ekari nzima, ukae kitako, uhesabu fedha." Na baba, ambaye ana karo ya kulipa na mvua iliyomkimbia misimu miwili, husikiliza.

Na ahesabu kwanza. Nguzo za pitaya hupandwa zikiachana futi 10 kila upande. Ekari moja itachukua nguzo 435 hivi, na kila nguzo yataka pingili nne. Hizo ni pingili 1,740, na nguzo 435 za kununua au kutengeneza, kabla ya kuonja tunda hata moja. Lakini nguzo nne zataka pingili 16 tu. Aliyekosea kwa nguzo nne amepoteza kidogo na kujifunza mengi. Aliyekosea kwa nguzo 435 pengine ameuza ng'ombe, na ng'ombe yule harudi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, yafaa mnunuzi amwulize mchuuzi maswali manne, kwa adabu lakini bila haya.

La kwanza: Pingili hizi ni za aina gani, na je, aina hii huzaa peke yake, au yataka unga wa ua wa aina nyingine? Sababu ya swali hili itaonekana hapa chini.

La pili: Mmea mama uko wapi, na je, naweza kuuona ukiwa na matunda? Mchuuzi mwaminifu atamwonyesha. Asiye na mmea mama wa kuonyesha auza maneno.

La tatu: Kitalu hiki kimesajiliwa? Pingili zenye ugonjwa huleta ugonjwa shambani. Tena mtu asishawishike kuleta au kununua mimea iliyoingizwa kwa siri kutoka ng'ambo. Sheria ya Kenya yataka kibali cha KEPHIS, ambayo ni idara inayolinda afya ya mimea, kwa sababu mdudu mmoja aliyejificha ndani ya mzigo mdogo aweza kuharibu mashamba ya watu wasio na hatia.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote: Wewe wapata fedha zako kwa kuuza matunda, au kwa kuuza pingili? Mara nyingi mtu husifiwa kwamba ametajirika kwa pitaya, na kumbe aliwauzia pingili wale waliosikia kwamba ametajirika. Biashara ya pingili yategemea watu wapya kila mwaka. Siku watu wapya wakikoma, nayo yakoma. Biashara ya matunda yamtegemea mlaji. Kama hakuna mlaji sokoni, hakuna mmea uwezao kumwumba.

NAMNA YA KUPANDA

Nguzo hutangulia mmea. Pitaya huishi miaka 20 hivi ukitunzwa, na ukikua huwa na mzigo mzito wa matawi. Mti mwembamba huliwa na mchwa, na siku unapoanguka huvunja kazi ya miaka mitatu. Nguzo ya saruji yenye vyuma ndani ndiyo bora. Mti mgumu usioliwa upesi na mchwa wafaa pia. Urefu wa nguzo uwe futi 7 hadi 8, futi 2 zikiwa zimechimbiwa ardhini. Juu yake hufungwa mbao mbili zilizopishana kama msalaba, na juu ya mbao hulazwa tairi kuukuu la gari. Waya mwembamba usitumiwe kuubeba mmea, kwa maana shina likiulalia hukatwa nao.

Mahali pachaguliwe ambapo maji hayatuami. Mizizi ya pitaya haiendi mbali chini. Mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, na ikikaa ndani ya maji huoza. Penye udongo mzito wa mfinyanzi, hufaa kuinua tuta kuizunguka nguzo na kupanda juu ya tuta hilo. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza.

Pingili nzuri ina urefu wa inchi 12 hivi, imekomaa, ina rangi ya kijani kibichi na haina madoa. Ikikatwa, isipandwe siku ile ile. Na iwekwe kivulini, mahali pakavu, kwa siku tano hadi nane, mpaka jeraha lake likauke na kufanya gamba. Ikipandwa na jeraha bichi, ukungu huingia na kuiozesha. Kwa kuwa juu na chini hufanana, yafaa kutia alama upande wa chini mara tu inapokatwa. Kisha pingili nne hupandwa kuizunguka nguzo, moja kila upande, zikiingia udongoni inchi 2 tu, na kufungwa kwenye nguzo kwa kamba laini ya katani au utepe wa gunia. Kwa miezi ya kwanza zipewe kivuli chepesi cha makuti au nyasi.

Mbegu nazo huota, lakini mpanda mbegu atangoja miaka mingi, wala hajui tunda litakuwaje. Aliyepanda pingili aweza kuona ua katika mwaka wa kwanza au wa pili, na mavuno kamili baada ya miaka kadhaa.

Mmea ukianza kupanda, kila pingili iachiwe shina moja tu. Machipukizi ya kando yakatwe kwa kisu safi. Shina likifika juu na kupita ndani ya tairi, ncha yake ikatwe. Hapo litatoa matawi mengi yatakayoning'inia pande zote kama mwavuli, na hayo matawi yaning'iniayo ndiyo yazaayo. Mtu ambaye huona huruma kukata atakuwa na kichaka kikubwa na matunda machache.

Jembe lisifike karibu na shina, kwa sababu ya ile mizizi ya juu juu. Magugu yang'olewe kwa mkono, kisha ardhi ifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu, lakini matandazo yasiguse shina lenyewe. Wakati wa kiangazi, maji kidogo kidogo mara mbili kwa juma ni afadhali kuliko kumwaga pipa zima mara moja kwa mwezi. Maji yaliyooshea mboga na matunda jikoni yanafaa, maadamu hayana sabuni. Hii ndiyo sababu moja ya kuweka nguzo hizo nne karibu na nyumba.

USIKU WA UA

Sababu ya pili ya kuweka nguzo karibu na nyumba ni ua lenyewe. Ua la pitaya ni jeupe, lenye urefu wa karibu futi moja, na harufu nzuri. Hufunguka jioni, hukaa wazi usiku mmoja, na asubuhi jua likipanda hunyauka. Halifunguki tena. Katika nchi ya asili yake, popo na nondo wakubwa wa usiku hulitembelea na kuchukua unga wake kutoka ua hadi ua. Katika bustani ya ugenini wageni hao wa usiku huenda wasije. Nyuki huja alfajiri, nao husaidia, lakini si kila ua watalifikia.

Tena kuna jambo ambalo wachuuzi wengi hulinyamazia. Baadhi ya aina za pitaya haziwezi kuzaa kwa unga wao wenyewe. Zataka unga wa aina nyingine. Mtu aweza kuwa na nguzo 400 za aina moja, zikachanua pamoja usiku mmoja kama shamba la theluji, na juma lililofuata maua yote yakawa yameanguka chini. Mkulima hulaumu udongo, au mbolea, au jicho baya la jirani, na kumbe kilichokosekana ni mwenzi.

Dawa yake ni nyepesi. Kati ya nguzo zile nne, mbili ziwe za aina moja na mbili za aina nyingine. Au mtu na apatane na jirani yake, huyu apande ya nyama nyeupe na yule ya nyama nyekundu, wapeane unga. Katika jambo hili ujirani mwema si mapambo tu, bali ni sehemu ya kilimo.

Kazi yenyewe ni hivi. Kitumba cha ua hukua kwa majuma mawili hadi matatu. Jioni ambayo kitafunguka, ncha yake hulegea na weupe huonekana. Baada ya chakula cha usiku, mtu huchukua taa au tochi, kikombe kikavu na brashi ndogo laini. Ndani ya ua ataona nyuzi nyingi za kiume zenye unga wa manjano, na katikati kijiti kimoja cha kike ambacho ncha yake imegawanyika kama vidole vingi vyenye unato. Hukung'uta unga wa ua la aina moja ndani ya kikombe, kisha kwa brashi hupaka vile vidole vya ua la aina ya pili, mpaka vigeuke manjano. Hata kwa aina ziwezazo kuzaa peke yake, kazi hii huongeza ukubwa wa tunda. Kama maua ya aina mbili hayakukutana usiku mmoja, unga uliokaushwa huweza kukaa siku chache katika chombo kilichofunikwa ndani ya jokofu, kwa aliye nalo au jirani aliye nalo.

Baada ya siku nne au tano jibu huonekana. Ua lililoshika, shina lake hubaki kijani na kuanza kuvimba. Lisiloshika hugeuka manjano na kuanguka. Watoto waweza kufundishwa kazi hii, nao huipenda. Lakini na aulizwe mwenye kuota ekari nzima: ni nani atakayepita na brashi katika nguzo 435 usiku wa manane, naye kesho ana kazi nyingine? Yule wa nguzo nne humaliza kabla usingizi haujamjia.

MAVUNO NA CHAKULA

Tunda la ganda jekundu huwa tayari siku 30 hadi 50 baada ya ua, kwa kadiri ya joto la mahali. Lile la manjano hukawia miezi kadhaa. Dalili ya kuiva ni rangi. Kijani huondoka, na ganda zima huwa jekundu, au manjano. Yapasa mvunaji awe na subira ya siku chache baada ya hapo, wala asivune mapema kwa tamaa ya soko, kwa sababu pitaya si kama ndizi wala parachichi. Likichumwa kabla ya kuiva haliongezi utamu ndani ya nyumba. Mchuuzi wa matunda aliyedanganywa mara moja hatarudi kununua. Tunda likatwe kwa kisu au mkasi, lisivutwe, ili tawi lisiumie.

Kulila ni rahisi. Hupasuliwa katikati, na nyama huchotwa kwa kijiko. Ganda haliliwi. Utamu wake ni wa upole, na walio na mazoea ya embe huweza kuona kwamba limepooza kidogo. Likitiwa ndimu huchangamka. Lina maji mengi, nyuzinyuzi na kiasi cha vitamini C. Nyuzinyuzi na mbegu zake husaidia tumbo lililofunga.

Mama wa nyumba na ajue jambo moja mapema, asije akashtuka usiku. Mtu aliyekula pitaya ya nyama nyekundu aweza kuona mkojo wake, au choo chake, umekuwa mwekundu. Hiyo ni rangi ya tunda tu, kama ile ya kiazisukari chekundu, nayo huondoka yenyewe. Lakini yule ambaye hakula tunda hili na akaona wekundu, huyo na aende hospitali bila kukawia.

Tena pitaya ni chakula, si dawa. Yako maneno sokoni kwamba laponya kisukari na saratani. Hakuna mtu apaswaye kuacha dawa aliyopewa na daktari kwa sababu ya tunda, hata likiwa zuri namna gani. Na mwenye kisukari akumbuke kwamba hili nalo lina sukari yake.

ADUI ZAKE

Sisimizi hupenda vitumba na machipukizi, na mahali walipo mara nyingi huwako pia vidukari na wadudu weupe kama pamba, ambao huwachunga kama mifugo. Maji ya sabuni kidogo yakipigwa juu ya wadudu hao husaidia. Ndege na inzi wa matunda hushambulia tunda linaloiva. Mfuko wa karatasi au wa wavu ukifungwa juu yake hulikinga. Ugonjwa mbaya zaidi ni kuoza kwa shina na madoa ya ukungu, ambayo huanza kama vidoa vidogo na kuwa vidonda vya rangi ya kahawia. Sehemu yenye kidonda ikatwe mapema, mbali kidogo na kidonda, na kisu kisafishwe kila baada ya mmea mmoja kabla ya kugusa wa pili. Penye shaka, afisa wa kilimo, yule ambaye wazee bado humwita Bwana Shamba, na aonyeshwe kipande chenye ugonjwa.

Vipande vilivyokatwa visitupwe ovyo ukingoni mwa mto au katika malisho. Kila kipande chaweza kushika mizizi, na katika baadhi ya nchi pitaya imekwisha kuonekana ikiota mwituni bila kupandwa. Vipande vizima vikaushwe kabisa juani au vioze ndani ya shimo la mboji. Vyenye ugonjwa vichomwe moto. Laikipia imekwisha kujifunza somo hili kwa mpungate, na hakuna haja ya somo hilo kurudiwa.

DAFTARI NA HESABU

Kifaa cha mwisho ni daftari. Mwenye nguzo nne na aandike siku aliyopanda, fedha alizotoa, maji aliyomwagilia, miezi ambayo mmea ulichanua, maua yaliyofunguka, matunda yaliyoshika, uzito wake, na bei aliyopewa. Huko Vietnam wakulima huwasha taa usiku juu ya mashamba ili mmea uchanue katika miezi yenye mchana mfupi. Katika Kenya, iliyo juu ya ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa hiyo mtu asinunue taa kwa sababu amesikia habari za Vietnam. Na alitazame kwanza daftari lake mwenyewe.

Baada ya misimu miwili au mitatu ya mavuno, daftari litajibu maswali ambayo mchuuzi hawezi kuyajibu. Je, mmea huu wazaa hapa? Je, watoto wa nyumba hii hula matunda yake? Je, yuko mnunuzi aliyekuja mara ya pili, akalipa bei iliyorudisha gharama? Kama jibu ni ndiyo, nguzo nne zimekwisha kutoa pingili za kutosha kwa nguzo nyingine kumi bila kununua hata moja, na mkulima na aendelee hatua kwa hatua. Kama jibu ni la, amebaki na kivuli chema, ua zuri la usiku, na tunda kwa wageni wake, wala hana deni.

Wakati huo huo mahindi, mtama, kunde na miembe ya siku zote ibaki mahali pake. Iko methali isemayo, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Aliyeng'oa miembe ya babake ili kupanda pitaya amefukuza wenyeji kwa ajili ya mgeni ambaye bado hajashika jembe. Lakini aliyempa mgeni kona yake, akamtazama akifanya kazi kwa miaka mitatu, akamlinganisha na wenyeji kwa hesabu iliyoandikwa, huyo hatadanganywa na pitaya, wala na mgeni mwingine atakayekuja baada yake.